Nilimcheka Maroa na Swichi Yake, Sasa Barua ya Onyo Amepewa Yeye

Bi. Nyangi, mshauri wetu, pokea salamu kutoka Uriri. Nisomee mpaka mwisho kabla ya kunikasirikia, kwa sababu nimekuwa msomaji wako kwa miaka mingi, ukijibu mambo ya mahari na wakwe na waume wanaorudi na harufu ya marashi, na sikufikiri hata siku moja kwamba mimi mwenyewe nitakuandikia, tena si juu ya mume, mume wangu hana neno, ni juu ya kompyuta.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na minane, kwetu ni Kisii lakini nimeolewa huku, na ni msimamizi wa ofisi katika kliniki ndogo ya binafsi ambayo jina lake nitaliacha. Tuna kompyuta tano, moja yangu pale mapokezi, moja ya Daktari Omosa ambaye ndiye mwenye kliniki, moja ya Orpah wa famasi, moja kwenye chumba cha akina mama na watoto, na ya tano iko maabara, na maabara yetu ni jengo la nyuma, unavuka ua, unapita tangi la maji na stoo ya mabati ndipo ufike. Huko anafanya kazi Maroa, mtu mpole wa kutoka upande wa Kehancha, ambaye anaweza kumaliza siku nzima akiwa amesema maneno ishirini, na kumi kati ya hayo ni salamu.

Miaka yote majibu ya maabara yalikuwa yanabebwa kwa flashi. Maroa anapima, anaandika, anaweka kwenye flashi, anavuka ua na kumletea Daktari, na mvua ikinyesha anavuka mbio ameifumbata kiganjani. Mwezi wa pili Daktari akatuita akasema imetosha, kompyuta zote ziunganishwe, mgonjwa akipimwa majibu yafike mezani kwake na Orpah aone dawa bila mtu kuinuka. Kisha akanigeukia mbele ya wote.

"Madam, hii kazi ni yako. Si uliandika kwenye maombi yako kwamba unajua mitandao ya kompyuta?"

Bi. Nyangi, niliandika hivyo kweli. Miaka sita iliyopita nilipokuwa naomba kazi nilikuwa nimesomea kupiga chapa na kutengeneza jedwali, na rafiki yangu akaniambia niongeze mitandao ya kompyuta ili karatasi ijae vizuri, na mimi nikaona si uongo, kwa sababu Facebook naijua vizuri sana.

Kabla sijafungua mdomo, Maroa akainua mkono. Akasema, "Mimi naona tununue swichi moja ya matundu manane, tuvute waya mpaka kila chumba, na ule wa maabara tuupitishe ardhini ndani ya bomba. Waifai ibaki ya simu."

Mimi nikasikia swichi nikacheka. Nikamwambia, "Maroa, swichi ziko kila ukuta, hata chooni iko moja. Wewe pima malaria, kompyuta niachie mimi." Watu wakacheka, Daktari naye akacheka, Maroa akatabasamu akarudi kwenye hadubini yake. Jioni nikatafuta kwenye simu nikajua kwamba swichi aliyoisema ni kijisanduku cha kuunganishia nyaya za kompyuta, si ya taa, lakini nilikuwa nimeshacheka mbele ya watu, na mimi nikishacheka mbele ya watu kurudi nyuma kunanishinda.

Basi nikaenda Migori mjini kwa Jared, mdogo wa mume wangu, ambaye ana duka la simu na vifaa vyake. Jared akaniambia, "Shemeji, waya ni mambo ya wazee. Siku hizi kila kitu kinapita hewani." Akaniwekea mezani rauta mbili, ile mitambo ya kurusha waifai, moja ya antena mbili na nyingine ya antena sita, nyeusi, ilikuwa kama buibui aliyelala chali, na nikamuuliza ipi ina nguvu, akasema hesabu mwenyewe. Nikahesabu. Nikabeba ya sita.

Siku ya kwanza nilikuwa malkia. Mapokezi ilishika, kwa Daktari ikashika, famasi ikashika, chumba cha akina mama ikashika mlango ukiwa wazi. Maabara haikushika kitu. Yaani Maroa akitaka kutuma majibu alikuwa anaibeba kompyuta mpaka dirishani, anafungua mlango wa chuma, anangoja, na ikishika anatuma haraka kabla haijabadilisha mawazo. Jared akaja, akaniuzia kifaa cha kuongeza nguvu, tukakiweka koridoni, haikusaidia. Akaniuzia cha pili, tukakiweka kwenye stoo ya mabati, na humo kikawa kama mtu anayeita watu akiwa ndani ya debe. Nilipomlalamikia akasema, "Shemeji, mtambo hauna shida. Shida ni kuta zenu."

Halafu wagonjwa wakaanza kuniuliza pasiwedi, na kwa kuwa kila dakika naulizwa, nikaibandika ukutani. Siku moja nikahesabu watu kumi na wanne kwenye benchi na waliokuja kutibiwa walikuwa watano, wengine ni waendesha boda wanaangalia mpira, na Daktari alipochungulia akaniambia naona Mungu ametubariki mwezi huu.

Bi. Nyangi, haya yote ni ya kucheka mpaka ifike Alhamisi mbili zilizopita. Siku hiyo maabara haikushika hata dirishani, kwa hivyo Maroa akarudia flashi yake ya zamani. Tulikuwa na akina Caren wawili, mmoja ni mama mzee na mwingine ni mama kijana mwenye mimba ya miezi mitano. Maroa aliandika jina na namba ya kila mmoja, lakini foleni ilikuwa ndefu, Daktari akafungua majibu ya Caren wa kwanza aliyemwona, na yule mwenye mimba akaandikiwa dawa ya mama mzee, dawa ambayo mjamzito hapewi. Alifika nayo dirishani kwa Orpah. Orpah akaangalia karatasi, akaangalia tumbo, akasema, "Mama, keti kwanza," akamrudishia Daktari ile karatasi kwa mkono wake mwenyewe. Yule mama hakumeza hata kidonge kimoja. Lakini alikaa kwenye lile benchi mikono yote miwili iko tumboni, akamuuliza Orpah, "Na kama leo usingekuwa wewe?" Hakuna aliyemjibu.

Jioni Daktari akatuita. Akamuuliza Maroa, "Kwa nini bado unabeba flashi na mtandao tunao?" Maroa akaniangalia. Mara moja tu, akaniachia nafasi niseme mimi. Na mimi nikasema, "Hata mimi nashangaa, Daktari."

Maroa akapewa barua ya onyo. Ameitia sahihi.

Tangu siku hiyo ananisalimia kama kawaida, anauliza watoto wameamkaje, na hiyo ndiyo inanimaliza, afadhali angenitukana. Daktari ameniambia nimalizie kabisa mambo ya mtandao, ninunue kinachohitajika. Jared anasema ameleta mtambo wa antena nane. Mume wangu anasema nikanunue swichi kimyakimya, niseme ni wazo langu, mambo yaishe. Nikisema ukweli naogopa kufukuzwa, na nikimkataa Jared mama mkwe atasikia kabla sijafika nyumbani. Nifanye nini, na ninunue nini? Nisaidie, Bi. Nyangi, hata ukinigombeza.

Ni mimi, Niliyecheka, Uriri.

JIBU LA BI. NYANGI

Niliyecheka, nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba. Kukasirika nilianza katikati, sikuweza kungoja.

Kwanza nikutoe aibu ndogo kabla ya kukupa kubwa. Kutojua swichi ni nini si kosa. Mimi nilikaa miaka tisa karani wa chama cha ushirika, na siku walipotuletea kompyuta ya kwanza niliifunika kwa kitambaa cha meza ili isishike baridi. Mtu anajifunza. Wewe ulikuwa na nafasi ya kujifunza jioni ile ile uliyotafuta kwenye simu, ukaamua afadhali kliniki nzima ipate shida kuliko Maroa awe amesema kweli. Ukaenda Migori ukachagua rauta kwa kuhesabu antena, kama mtu anayenunua ng'ombe wa maziwa kwa kupima pembe.

Lakini maneno yako matatu ndiyo yaliyonifanya nisingoje gazeti litoke. "Hata mimi nashangaa." Barua yako ilinifikia Jumatatu asubuhi, na saa nne nilikuwa nimekupigia. Kwa kuwa umeniruhusu kuyaandika, wasomaji nao wajue. Nilikuambia ubandue pasiwedi ukutani na uibadilishe kabla ya kukata simu, ukaibadilisha, nikasikia mtu kwenye benchi akiuliza mbona mpira umesimama. Kisha nikakuambia uingie kwa Daktari kabla ya chakula cha mchana.

"Siwezi kuingia kesho?" ukauliza.

"Kesho Maroa bado atakuwa na barua kwenye faili lake," nikakuambia.

Uliingia, na kwa hilo nakusifu. Umenieleza ulivyofunga mlango ukasema yote, la rauta, la Jared, hata lile la maombi ya kazi ambalo hakuna aliyekulazimisha kulisema. Daktari Omosa alikuwa amesimama kwenye sinki ananawa mikono, na akaendelea kunawa muda mrefu mikono ikiwa safi tayari. Kisha akauliza jambo moja, "Siku ile ulisema unashangaa. Ulikuwa unashangaa nini?"

Maroa akaitwa. Daktari akamwambia mbele yako kwamba na yeye mwenyewe alifungua majibu bila kusoma namba, na barua ile ikaondolewa kwenye faili. Yako ikaandikwa hapo hapo. Ulipomwomba Maroa msamaha alikujibu, "Madam, nilinyamaza kwa sababu nilidhani kuna kitu unajua ambacho mimi sijui." Uliniambia maneno hayo yalikuuma kuliko barua yenyewe, ukalia kwenye simu. Mimi nikakuambia hongera, ukadhani nakucheka. Sikuwa nakucheka. Kazi bado unayo, na sasa unaweza kuuliza swali bila kuogopa mtu atashtuka kwamba hujui.

Haya, tuje kwenye vifaa. Mimi si fundi, kwa hivyo nilimuuliza Maranga, anayetunza mitambo ya studio moja hapa Homa Bay, na nilipomsomea mpango wa Maroa alisema, "Huyo mtu wa maabara mwacheni afanye kazi." Kompyuta ambayo haitoki mezani ivutiwe waya. Waya hausumbuliwi na mlango wa chuma wala na tangi la maji. Waifai ni ya kitu kinachotembea na mtu, kama simu.

Nunueni swichi. Una kompyuta tano, printa moja uliyonitajia kwenye simu, na rauta, hayo ni matundu saba, kwa hivyo ya manane itatosha leo na kubakisha moja. Muulize Daktari kama anafikiria kuongeza chumba, na akisema ndiyo, chukueni ya kumi na sita msirudi dukani mwaka ujao. Waya uwe wa shaba tupu. Kuna unaouzwa ni alumini iliyopakwa shaba juu, kwa hivyo mwambie muuzaji akate ncha uone ndani, ukiona weupe rudisha. Ndani ya nyumba upite kwenye mfereji wa plastiki ukutani, mbali na nyaya za stima, na kila waya uandikwe jina ncha zote mbili, maabara iwe maabara huku na huku, la sivyo siku moja itaharibika mtaanza kuvuta kamba zote kama mnaotafuta mbuzi.

Kwa jengo la nyuma, Maroa alisema bomba ardhini, na ni sawa, lakini Maranga ameongeza jambo. Radi za huku kwetu unazijua. Waya wa shaba unaotoka jengo moja kwenda jingine unaweza kuipeleka radi moja kwa moja mpaka kwenye mashine ya maabara. Afadhali hapo mtumie kebo ya nyuzi za kioo, ambayo haibebi umeme, pamoja na vijisanduku vyake viwili vya kuiunganisha kila upande. Kama Daktari ataona ni ghali, basi fundi wa stima aweke vizuia radi pande zote mbili, wala asiseme atarudi kuviweka baadaye. Na swichi, rauta na kompyuta inayotunza kumbukumbu za wagonjwa vikae kwenye betri ya akiba, kwa sababu stima ikipotea Daktari akiwa katikati ya mgonjwa, mtarudia flashi tena.

Yule buibui wako usimtupe. Abaki akiwaletea intaneti, na watu wa benchi wapewe waifai yao yenye jina lake na pasiwedi yake, isiyofika kabisa kwenye majibu ya wagonjwa. Maranga aliniomba nirudie nilipomwambia ile pasiwedi ilikuwa ukutani. Akauliza kama nina hakika.

Fundi akimaliza, usimlipe yote. Keti kwenye kila kompyuta wewe mwenyewe, tuma majibu ya mfano kutoka maabara, yafungue kwa Daktari, yafungue famasi, chapisha. Mlango wa chuma ukiwa umefungwa. Na muweke sheria kwamba hakuna jibu linalofunguliwa kwa jina peke yake, ni jina, namba na umri, na mgonjwa aulizwe kwa mdomo. Swichi nzuri kuliko zote itampelekea Daktari Caren wa kwanza upesi kuliko flashi, kama yeye hasomi namba.

Jared mrudishie vile vifaa viwili vya kuongeza nguvu, na umwambie mtambo wa antena nane autafutie mteja mwingine. Usimwite mwizi. Ulimuuliza ipi ina nguvu, akakujibu kama muuza duka. Hukumwambia kuna stoo ya mabati katikati, na yeye hakuuliza. Kama ana waya wa shaba tupu, nunua kwake baada ya kukata ncha. Mama mkwe akikupigia, mwambie kulikuwa na mama mjamzito karibu apewe dawa isiyo yake. Sidhani atakuuliza tena habari za antena.

Mume wako mwambie nimesema anyamaze kwa mambo ya ofisi. Na wewe, kila siku ukipata nusu saa, peleka kiti maabara, Maroa akufundishe. Uliza hata la kijinga. Safari hii hakuna atakayecheka, mchekaji ni wewe.

Limebaki moja, ambalo sikukuambia kwenye simu kwa sababu nililiona niliposoma barua mara ya pili. Umeniandikia juu ya Daktari, Maroa, Jared, mume na mama mkwe. Caren aliuliza swali kwenye lile benchi, ukasema hakuna aliyemjibu, ukaendelea na mengine. Siku zimepita. Yuko nyumbani kwake na mimba yake, na bado hajui ni nini kilichotokea, wala kama mtoto wake aliguswa.

Mwombe Daktari mwende wote wawili, kwa miguu yenu, msimpigie simu. Mwambieni majibu yalichanganywa, kosa lilikuwa lenu, dawa haikumfikia, mtoto hakuguswa, na mwelezeni ni kitu gani mmebadilisha. Habari ya kuta na antena usimtolee, hakuja kwenu kupimwa mtandao. Ukimaliza, nyamaza. Mwache aseme anachotaka kusema, na umsikilize mpaka mwisho, hata kikiwa kirefu kuliko barua yako.